Mhunzi wa Mtaa wa Blake

Magari ya farasi yanayowazungusha watalii katika mitaa ya kale ya Charleston, mji wa bandari wa jimbo la South Carolina nchini Marekani, hupunguza mwendo yakifika penye lango zuri la chuma. Abiria hutoa simu na kupiga picha. Wakitazama nondo zilizokunjwa na majani ya chuma yaliyopangwa kulia na kushoto bila kupishana, hudhani wanaona kazi ya karne ya 18, ya enzi za magavana wa Kiingereza na matajiri wa mpunga. Wengi wao hukosea kwa miaka mia mbili. Lango huenda ni la juzi tu, la miaka ya televisheni na jokofu, na fundi wake ni mtu Mweusi aliyeacha shule akiwa na miaka 13 na ambaye karakana yake ya mwisho ilikuwa nyuma ya nyumba yake, Mtaa wa Blake, namba 30½.

Fundi huyo ni Philip Simmons. Alizaliwa Juni 9, 1912, akafariki Juni 2009, siku chache baada ya kutimiza miaka 97. Mjini Charleston na viungani mwake aliacha kazi zinazokadiriwa kupita 500: malango, uzio, roshani, nondo za madirisha, mikono ya ngazi. Habari zake husimuliwa sana kama habari za mzee wa mwisho wa ufundi unaokufa, na kwa maoni yangu wasimulizi hao humpunja. Uhunzi ulimfia mikononi mara mbili kabla hajawa mtu mzima wa makamo, na mara zote mbili aliufufua kwa kuusogeza karibu zaidi na nyumba za watu.

Ili kumwelewa inabidi kuanza na mji. Charleston ilitajirika kwa mpunga, na mpunga huo ulilimwa na watumwa. Sehemu kubwa ya Waafrika waliopelekwa Marekani kwa nguvu, kabla biashara hiyo haijapigwa marufuku mwaka 1808, walishushwa katika bandari hii. Si wote waliopelekwa mashambani. Mjini useremala, uashi, ushonaji na uhunzi vilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watumwa. Bwana mwenye mtumwa fundi alimkodisha kwa watu wengine, kisha akapokea yeye ujira. Utawala wa mji uliratibu ukodishaji huo kwa beji za shaba: kila mtumwa wa kukodishwa alitakiwa kuwa na kipande kilichogongwa mwaka, namba na aina ya kazi yake. Jina lake halikuandikwa. Beji hizo leo huokotwa ardhini na wachimbaji, na baadhi zimo katika makumbusho.

Ndiyo maana mtu akiuliza nani alifua chuma cha Charleston ya kale, majina anayopewa ni machache. Kuna lango la uwanja wa kanisa la St. Michael's lililotiwa saini na mhunzi Iusti. Kuna Christopher Werner, Mjerumani, aliyefua mnamo miaka ya 1830 malango yenye panga na mikuki. Moja likanunuliwa na kuwekwa mwaka 1849 kwenye nyumba iliyopo Mtaa wa Legare, ambayo mpaka leo huitwa Nyumba ya Lango la Panga. Lakini Werner hakuwa akipiga nyundo peke yake. Katika karakana yake walikuwamo wahunzi watumwa, na mmoja wao, Toby Richardson, alikumbukwa na wenyeji kuwa fundi wa daraja la juu kabisa. Jina lake limeponea chupuchupu. Wenzake hawakubahatika.

Chuma cha mji huo kina upande mwingine, usiopendeza kwenye kadi za posta. Mwaka 1822 Denmark Vesey, seremala Mweusi aliyejinunulia uhuru kwa fedha za bahati nasibu, alituhumiwa kuandaa uasi wa watumwa. Watu 35 walinyongwa, akiwamo mhunzi aliyeshtakiwa kwa kufua ncha za mikuki. Wenye nyumba walipata kiwewe. Juu ya uzio wa jumba la Miles Brewton, Mtaa wa King, kuna safu ya miiba mirefu ya chuma inayotazama huku na huku, na wanahistoria wa mji huihusisha na hofu ya mwaka ule. Basi chuma hicho hicho kilichokunjwa maua kwenye roshani kilinolewa ncha ili kuwazuia watu ambao, mchana, ndio waliokifua.

Kisha likaja tetemeko la Agosti 31, 1886. Kuta za matofali zilipasuka mji mzima. Wenye nyumba walizifunga kwa nondo ndefu zilizopitishwa toka ukuta hadi ukuta, na kila ncha ikakazwa kwa sahani ya chuma kwa nje. Sahani hizo bado zinaonekana, nyingine za mviringo, nyingine zimechongwa umbo la nyota au kichwa cha simba. Mji uliofukarishwa na kushindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe uliendelea kusimama kwa kubanwa na vyuma.

Simmons hakuzaliwa katika mitaa hiyo. Alizaliwa Kisiwa cha Daniel, katikati ya mito ya Wando na Cooper, akalelewa na babu na bibi yake. Huko ni nchi ya Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani na visiwa ambao lugha yao bado imebeba maneno mengi ya Afrika Magharibi na Kati. Watu waliishi kwa kulima na kuvua. Mwaka 1920, akiwa na miaka minane, alivushwa maji kwenda kwa mama yake mjini ili apate kusoma. Njia ya kwenda shule ilipita karibu na gati, na gatini ndiko mafundi walikojazana: wa mashua, wa mapipa, wa magurudumu, na wahunzi. Mtoto akawa anachelewa. Nyundo, cheche na farasi vilimvutia kuliko ubao wa mwalimu.

Mwishoni mwa Mtaa wa Calhoun palikuwa na karakana ya mzee Peter Simmons. Majina yao ya ukoo yalifanana lakini hawakuwa ndugu. Peter alizaliwa utumwani miaka ya 1850 na alifundishwa kazi na baba yake, Guy, naye mhunzi. Hesabu hiyo hunishangaza kila ninapoirudia. Guy alimfundisha Peter, Peter akamfundisha Philip. Watu watatu tu, na tayari umetoka kwenye beji za shaba ukafika karne ya 21.

Mzee alimkatalia mtoto mwanzoni. Alimtaka akue kwanza, akamkubali alipofikisha miaka 13. Kazi zake za kwanza hazikuwa na nakshi yoyote: kumshika farasi wakati anavishwa viatu, kufagia, kuvuta mvukuto, kuchunga moto usizimike wala usile mkaa bure. Anayeona kazi ya moto kuwa ndogo hajawahi kusimama karakanani. Chuma kikitolewa mapema hakikunjiki vizuri, kinapasuka. Kikichelewa kinaungua, kinarusha cheche nyeupe, na hapo kimeharibika hakuna dawa. Kipimo ni jicho. Rangi nyekundu iliyofifia inafaa kwa kunyoosha, ya chungwa kwa kukunja, ya manjano iliyoiva kwa kupiga na kurefusha, na ile inayokaribia nyeupe kwa kuunganisha vipande viwili viwe kimoja. Mwanafunzi husoma rangi hizo miaka kadhaa kabla hajaaminiwa kupiga pigo lenye maana.

Karakana ya Peter ilifanya kila kitu. Vyuma vya mashua, viatu vya farasi, pete za magurudumu, bawaba, ndoano, minyororo. Hakuna aliyeiita sanaa. Na ilipofika miaka ya 1930, wakati mwanafunzi ameshakuwa fundi kamili na mzigo wa karakana unamwangukia yeye, farasi wakaanza kuondoka barabarani. Hicho ndicho kifo cha kwanza. Wahunzi wengi wa Marekani walizima moto miaka ile. Simmons aligeukia magari yaliyowafukuza farasi: akaunda mabodi ya malori na matela, akarekebisha vyuma vilivyovunjika. Lakini viwanda vilikuwa vinatengeneza hayo kwa bei ambayo mtu wa nyundo hawezi kushindana nayo, na njia hiyo nayo ikaanza kuziba. Hicho kikawa kifo cha pili.

Wakati huo huo jambo lingine lilikuwa linatokea katika majumba ya wenye nazo. Mwaka 1920 Susan Pringle Frost, dalali wa nyumba na mtetezi wa haki ya wanawake kupiga kura, aliwaunganisha watu waliochoshwa kuona majumba ya kale yakibomolewa kupisha vituo vya mafuta, au vitu vyake, milango kwa mbao za kuta, vikichomolewa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa miji mingine. Mwaka 1931 Charleston ikawa mji wa kwanza Marekani kutunga sheria ya kulinda eneo zima la kihistoria. Kuanzia hapo nyumba ya kale ikawa na thamani mpya, na nyumba ya kale yenye lango lililong'oka au roshani iliyoliwa na kutu ilihitaji mtu wa kuitengeneza. Kutu hailali mji ule. Upepo wa chumvi unavuma toka baharini mwaka mzima.

Hivyo Simmons aliingia katika nakshi kwa mlango wa nyuma, kama fundi wa matengenezo. Hili waandishi wengi wa wasifu wake hulipita haraka, na mimi naona ndipo shule yake ya pili ilipo. Mtu anayeletewa kipande cha lango la karne iliyopita akitengeneze lazima kwanza akifumue. Anaona jinsi marehemu alivyokifunga: hapa ametumia ribiti, hapa amekizungushia pete ya chuma cha moto iliyojikaza ilipopoa, hapa amechomelea motoni bila kuacha alama. Anaona mahali mwenzake alipokosea na jinsi alivyoficha kosa kwa jani. Anajifunza kukunja mkunjo uwe sawa na ule uliopotea, kiasi kwamba mwenye nyumba asijue upi ni wa nani. Ukifanya hivyo miaka mingi, mkono wako unakuwa umefundishwa na watu waliokufa bila kuacha hata saini. Watumwa wa Werner na wengine wa karakana zisizojulikana walimfundisha Simmons kupitia kazi zao zilizovunjika.

Mteja aliyempa nafasi ya kubuni chake mwenyewe alikuwa Jack Krawcheck, mfanyabiashara wa nguo mwenye duka Mtaa wa King. Alitaka lango la chuma nyuma ya duka lake. Chuma kipya kilikuwa adimu wakati huo, kwa hiyo Simmons akaokoteza chuma chakavu, akakifua upya na kupata lango. Krawcheck alilipenda, akaagiza jingine, na jingine, na kwa miaka mingi akawa mteja wa kazi zaidi ya 30. Waliopita dukani waliuliza nani amefanya. Charleston ni mji ambao mwenye nyumba hutazama kwanza uzio wa jirani.

Hapa inafaa tuingie ndani ya uzio, maana bila kujua nyumba za mji huo zilivyokaa, malango yake huonekana mapambo matupu. Nyumba ya kawaida ya Charleston ya kale ni nyembamba. Upana wake kwa upande wa barabara ni chumba kimoja, kisha inaenda mbali kwa nyuma, na ubavuni ina baraza ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, inayotazama bustani. Ilijengwa hivyo kwa ajili ya joto. Mji una kiangazi kizito chenye unyevunyevu, mbu na mvua za ghafla, na kabla ya viyoyozi watu waliishi barazani: walikula, walipokea wageni, watoto walilala huko. Ukuta mzima wa matofali upande wa bustani ungeua upepo. Ukiacha wazi, barabara yote inaingia kwako. Chuma kilimaliza ugomvi huo. Lango la nondo linazuia mtu na kuruhusu hewa. Linaficha kidogo na kuonyesha kidogo. Jua la asubuhi likilipiga, nakshi zake zinalala sakafuni, na taa ya ndani ikiwashwa jioni zinahamia barabarani. Mhunzi anayejua kazi hupanga nafasi zilizo wazi kwa uangalifu kama anavyopanga nondo zenyewe, kwa sababu mwenye nyumba ataishi na vyote viwili.

Simmons alikuwa mwepesi wa hilo. Alienda kwanza kuona mahali, akachora kwa penseli, akajadiliana na mwenye nyumba, kisha akarudi kwenye fuawe. Mkunjo wa kawaida ulianza na nondo bapa. Ncha ilitiwa motoni, ikapigwa ikawa nyembamba, ikageuzwa juu ya pembe ya fuawe mpaka ikaanza kujiviringisha; kisha inarudishwa motoni, inavutwa taratibu kuufuata mchoro. Upande wa pili wa lango unahitaji mkunjo uleule uliogeuzwa, na hapo ndipo mikono mibovu huumbuka: miwili hiyo ikitofautiana kidogo tu, lango zima linaonekana limelewa. Baadaye alitumia pia mashine ya umeme ya kuchomelea, na wapo wapenzi wa mambo ya kale wanaomlaumu kwa hilo. Lawama hiyo siielewi. Fundi aliyetoka kwa farasi akaenda kwa malori hakuona sababu ya kuukataa umeme.

Mapema miaka ya 1960 alipata kazi iliyomtoa jasho kuliko zote. Nyumba ya Christopher Gadsden, East Bay namba 329, ilikuwa inahitaji malango. Gadsden ni yule mwanasiasa wa enzi za mapinduzi ya Marekani aliyehusishwa na bendera ya manjano ya mwaka 1775 yenye nyoka aliyejikunja akionya asikanyagwe, nyoka wa nchi ile anayelia kwa kutikisa mkia. Ikaamuliwa nyoka awemo langoni. Hadi siku hiyo Simmons alikuwa mtu wa mikunjo, majani na mioyo. Kiumbe mwenye uhai hakuwahi kumtia langoni.

Mwili haukumsumbua sana. Nyoka mwenyewe ni mkunjo. Kichwa nacho kilipatikana. Jicho ndilo lililomshinda. Alilifanya, akasogea nyuma kulitazama, akaona jicho la mzoga. Akalitia moto tena, akalirekebisha, akasogea nyuma tena. Bado mzoga. Tatizo ni kwamba chuma kilichopoa hakina mng'ao. Chochote anachotaka kionekane hai lazima kitokane na kina cha shimo na mahali kivuli kinapoangukia. Aliendelea kulirudia mpaka nyoka akaonekana anamtazama yeye. Miaka kadhaa baadaye, alipokuwa akimweleza mtafiti jinsi alivyojifunza, kazi hii aliizungumzia kwa urefu, akilirudia jicho.

Mtafiti huyo alikuwa John Michael Vlach, msomi wa sanaa za jadi, ambaye mwaka 1981 alichapisha kitabu kizima kuhusu Simmons. Vlach aliona katika nyoka yule mwendelezo wa sanaa za Waafrika na wazao wao Marekani, ambako nyoka huchongwa kwenye fimbo na kufinyangwa kwenye vyungu. Wengine wanasema ni bendera ya Gadsden na basi. Kwa maoni yangu ugomvi huu hauna mshindi. Mteja alileta nyoka wake wa bendera, naye fundi akampa nyoka aliye hai, na pale chuma kilipokutana na jicho hakuna kitabu cha historia kilichomfundisha la kufanya.

Baada ya nyoka wakaja wengine: samaki, yangeyange wa mabwawa ya pwani, mitende mifupi ambayo ni nembo ya jimbo. Lakini moyo ndio uliobaki kuwa alama yake. Chukua mikunjo miwili, iweke ikitazamana, unapata moyo bila kuongeza chuma hata kidogo.

Maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi. Mke wake, Ertha, alifariki mwaka 1940, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwanamume wa miaka 28, mhunzi katika mji wa ubaguzi, wakati ambapo kazi yenyewe haijapata sura mpya. Aliwalea kwa msaada wa ndugu na majirani, na inafaa kukumbuka kwamba yale malango ya mwanzo yanayopigwa picha yalifuliwa na mtu aliyekuwa na watoto watatu wanaosubiri kula. Karakana ilihamishwa zaidi ya mara moja, kwani ardhi ya mafundi wadogo karibu na maji ilizidi kupata wenyewe wakubwa. Mwishowe aliileta nyumbani, ikakaa nyuma ya nyumba yake Mtaa wa Blake, upande wa mashariki ya mji ambako Weusi wengi wa kipato cha chini waliishi.

Kuanzia hapo nyumba na kazi vilikuwa kitu kimoja. Nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mtu aliyeyapamba majumba ya wakubwa hakujijengea jumba. Wageni walipita ubavuni mwa nyumba, wakamkuta kwenye fuawe au amekaa anachora. Watoto wa mtaa waliingia na kutoka kama yeye alivyokuwa akiingia kwa Peter. Mpwa wake na binamu yake wakajifunza hapo, wakawa ndio mikono yake alipozeeka. Nyundo ilipomshinda hakuacha kubuni: alichora, wao wakafua, naye akakaa karibu akisikiliza mlio. Mhunzi mzoefu hutambua kwa sikio kama chuma kimepoa mno.

Jumapili alikuwa kanisani, St. John's Reformed Episcopal, Mtaa wa Anson namba 91. Kanisa hilo limezungukwa na bustani yenye jina la Simmons, na lango la bustani ni la mioyo. Kati ya kazi zake zote hii ndiyo ningemshauri mgeni aanze nayo. Haiko kwenye jumba la mtu. Unasukuma mwenyewe, unaingia.

Peter Simmons alifariki mwaka 1953, akiwa amekaribia miaka mia. Hakuona umaarufu wa mwanafunzi wake, ambao ulikuja ghafla mwaka 1976. Marekani ilikuwa inaadhimisha miaka 200 ya uhuru, na taasisi ya Smithsonian ikaandaa mjini Washington tamasha la utamaduni wa jadi lililochukua majira yote ya kiangazi. Simmons alialikwa kufua hadharani. Angeweza kupeleka mkunjo wowote aliouzoea, watu wangeshangilia. Yeye akachagua kubuni lango jipya mbele ya umati: nyota, mwezi mwandamo, na samaki. Alieleza kwamba nyota zilimjia safarini usiku kuelekea Washington, na samaki alimweka makusudi kwa sababu ni mgumu. Nyota ndani ya nyota, zote zimefungwa kwa chuma kilichopindwa, si kazi ya kufanya huku watu wanakuuliza maswali. Lango la Nyota na Samaki likabaki Smithsonian.

Mwaka 1982 shirika la taifa la kuendeleza sanaa lilitoa kwa mara ya kwanza tuzo zake za urithi wa jadi, na Simmons alikuwamo katika kundi hilo la kwanza, pamoja na wanamuziki kama Bill Monroe na Sonny Terry. Tuzo za jimbo zikafuata, makumbusho ya jimbo mjini Columbia yakaagiza lango, uwanja wa ndege wa Charleston ukapata kazi yake, na mwaka 1991 wakfu wenye jina lake ukaanzishwa. Mcheza kwao hutunzwa, wasemavyo wahenga, ingawa huyu alisubiri mpaka apate miaka sabini.

Swali la nani atafuata lilijibiwa kwa namna isiyotarajiwa, na kimbunga. Septemba 1989 Hugo ilipiga Charleston usiku, ikang'oa mapaa na kubomoa kuta za kihistoria. Fedha za bima zilikuja, mafundi hawakupatikana. Waashi wa mawe, wapiga plasta ya nakshi, wahunzi, wote iliwabidi wenye nyumba kuwatafuta mbali, hata ng'ambo. Kutokana na aibu hiyo ikazaliwa shule, leo American College of the Building Arts, inayotoa shahada kwa watu wanaojifunza kuchonga mawe, kuunda mbao na kufua chuma. Vijana wake huanza na kile kile Simmons alichoanza nacho: moto, na rangi za moto.

Kuna pia shule za watoto. Mwaka 2016 na 2017, kwenye rasi iliyo jirani na kisiwa alikozaliwa, zilifunguliwa shule za msingi, kati na sekondari zenye jina la Philip Simmons.

Nyumba ya Mtaa wa Blake imetunzwa na wakfu kwa ajili ya wageni. Malango ya Simmons mjini yamebaki kwa wenyewe, wanaoyapiga rangi nyeusi kila baada ya muda ili chumvi isiyale, na wengi wao wameyarithi pamoja na nyumba bila kujua kwanza nani aliyafanya. Ile nyumba ya Gadsden sasa hukodishwa kwa sherehe. Jumamosi maharusi wa Charleston hupita East Bay 329 wakiwa na wapiga picha wao, na wengi huomba picha moja karibu na nyoka.